Mkono Kwanza, Spana Baadaye: Fundi Fanueli Sichalwe Anastaafu

Fundi Fanueli Sichalwe anastaafu leo, Jumamosi tarehe 30 Juni 1956, baada ya kuitumikia Kampuni ya Malori ya Unyiha kwa miaka ishirini na saba na miezi mitatu. Minne kati ya miaka hiyo aliimaliza barabarani, na iliyobaki katika karakana yetu hapa Tunduma. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mtunza stoo, niandike kurasa mbili za furaha kwa ajili ya gazeti letu la wafanyakazi. Kurasa nitaandika. Furaha nitaitia pale inapostahili, na pale isipostahili kamati inisamehe, maana nina hasira na sioni kwa nini niwafiche watu ninaofanya nao kazi kila siku.

Mmeona nimeandika Fundi. Nimeliandika neno hilo kwa herufi kubwa na nitaendelea hivyo mpaka mwisho. Baadhi yenu mnajua sababu. Wasioijua wataijua kabla wali haujaiva.

Fundi Sichalwe alizaliwa Ndalambo, akasoma katika shule ya misheni mpaka darasa la nne. Kiswahili anakisoma bila kusitasita, na nyimbo za kanisani za Kinamwanga anazo kichwani zote, pamoja na beti ambazo sisi wengine huwa tunazinung'unika tu. Kiingereza hakufundishwa. Msomaji aishike habari hiyo, kwa sababu ndiyo iliyotumika kumdhulumu.

Machi 1929, akiwa mtu mzima mwenye mke, aliajiriwa kuwa tandiboi. Wanaopanda malori siku hizi na viatu miguuni hawajui kazi hiyo ilikuwa nini. Kila kilima ulishuka ukakimbia nyuma ya lori na kigogo mkononi, tayari kukitia chini ya tairi injini ikizima. Kila mto ulichota maji ya rejeta. Safari moja lori la kahawa lilikufa Nanyala, dereva akaenda zake kutafuta pombe. Aliporudi alikuta tandiboi wake amefungua pampu ya maji, ameitengeneza na kuifunga, injini inanguruma vizuri, ila mkononi amebaki na nati moja. Dereva alimwambia aitupe, gari si linawaka? Sichalwe alizima injini akafungua pampu upya, akaitafutia nati ile mahali pake mpaka akapaona. Kahawa ilichelewa kufika kwa nusu siku na dereva alimtukana njia nzima. Lori lile lilikwenda miaka sita bila pampu ile kuguswa tena.

Mwaka 1933 kampuni ilimwingiza karakana. Mimi nilitoka Ileje nikaanza kazi ya stoo Januari 1937, na tangu siku hiyo nimemwona kila asubuhi kupitia dirisha langu la kutolea vyombo. Mengi ya ninayoyaandika hapa sikuhadithiwa.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, kwa sababu kila mmoja wetu anajidai kuijua na wengi wetu tunaiharibu. Nati iliyo wazi, juu ya meza, hata mimi ninayeshika kalamu naweza kuifungua. Ninayosema mimi ni nati kama ile ya juu ya stata, iliyojificha kati ya injini na ukuta wa kibanda cha dereva, ambayo macho hayaioni, na mkono ukiifikia unarudi umekwaruzwa mpaka kiwiko. Fundi mwingine akiambiwa aifungue, anatuma msaidizi wake dirishani aombe spana zote. Zinachukuliwa kumi na mbili, zinatupwa chini, anajaribu moja moja kama mtu anayejaribu funguo kwenye nyumba isiyo yake. Nyingi hunirudia zikiwa na damu, na huyo msaidizi ananiletea pamoja nazo matusi ya bwana wake.

Fundi Sichalwe hakuwahi kumtuma mtu kumchukulia spana. Alisema huwezi kumtuma mtu akuchagulie spana ya mahali ambapo yeye hajatia mkono wake. Asubuhi alinipita na salamu fupi, akaenda moja kwa moja kwenye gari, akaingiza mkono ndani ya injini, akafumba macho, akakaa hivyo kitambo. "Mkono kwanza, spana baadaye," ndivyo alivyowaambia waliomcheka. Vidole vilimpa ukubwa wa nati, vikampa nafasi iliyoizunguka, vikamwambia pia mpini utakwenda umbali gani kabla haujagonga chuma kingine. Akaisugua nati kwa brashi na mafuta ya taa, maana alisema kipimo cha uchafu si kipimo cha nati. Hapo ndipo alipokuja dirishani, akaomba spana moja, mara chache mbili. Katika miaka kumi na tisa sikumbuki mara tatu aliporudisha spana kwa sababu haikufaa.

Kama kichwa cha ringi kilipita, alichukua ringi, kwa kuwa inaikumbatia nati pande zote. Kama hakikupita, alichukua fupi yenye mdomo wazi, na hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Mdomo wa spana hiyo umekaa upande kidogo, haukunyooka na mpini. Kuna watu humu karakana wanaodhani ni kasoro ya kiwandani. Mmoja wao alinirudishia spana mpya akitaka nimpe iliyonyooka! Fundi Sichalwe alituonyesha kwamba ukivuta mara moja, ukaitoa, ukaigeuza tumbo likawa mgongo, ukairudisha, inashika nati mahali pengine na unapata mvuto mwingine, hata kama mpini hauna nafasi ya kupita vidole vitatu. Geuza, vuta, geuza, vuta. Nati nzima inatoka hivyo, na anayeona uvivu kugeuza ndiye anayekwenda kutafuta nyundo.

Alivuta, hakusukuma. Palipokuwa hapana budi kusukuma, alisukuma kwa kiganja kilichofunguka, ili nati ikiachia ghafla asivunje vifundo vya vidole. Alifunga kamba nyembamba kwenye spana ili ikimponyoka isitumbukie ndani ya giaboksi. Wakati wa kurudisha nati alitia kipande cha karatasi ya sigara ndani ya soketi, nati ikabanwa isidondoke, na yeye sigara havuti, alikuwa anaokota vikaratasi vyenu. Na hakuongeza bomba kwenye mpini hata siku moja.

Hapa nasimama kidogo. Ni nani aliyewafundisha kuongeza bomba? Nina spana saba stoo zilizopanuka midomo kwa sababu ya mabomba yenu, na aliyezipanua nne kati ya hizo anajijua, na leo atakula nyama ya mzee huyu bila aibu. Sisemi lolote kuhusu ile spana ya kurekebisha, ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kuliandika katika gazeti linalosomwa na wake zetu. Fundi Sichalwe aliigusa ile kwa kusogezea makaa tu.

Lingine alilotufundisha ni kwamba magari ya Kiingereza na ya Kiamerika hayana undugu. Spana ya Kiamerika ya tano kwa nane ya inchi inaingia kwenye nati ya Kiingereza iliyo ndogo kuliko hiyo kwa unywele. Inaingia, inacheza kidogo, inakupa moyo. Ukivuta, inakula pembe za nati, na nati iliyoliwa pembe mahali pafinyu ni msiba. Zaidi ya nusu ya nati za mviringo katika malori yetu zimetokana na hiyo tano kwa nane, na ukutani pangu nimebandika onyo kwa Kiswahili kikubwa tangu mwaka 1939. Hakuna anayelisoma.

Alipokosa spana ya kufaa, aliitengeneza. Alichukua zilizochakaa, akazipasha kwenye mkaa, akazipinda kwenye jiliwa, akazinyoa kwa tupa mpaka zikawa nyembamba, akazirudishia ugumu wake kwenye mafuta. Anazo kumi na moja, na zina majina: Shingo ya Bata, Kibyongo, Nusu Mwezi na nyingine. Hizo ni mali yake, asitokee mtu jioni ya leo akadai ameahidiwa.

Kazi yake iliyonipa raha kuliko zote, na sasa inanipa hasira kuliko zote, ni ya Novemba 1947. Osward Simbeye, dereva wetu, alikwama Ivuna na lori la chumvi. Pampu ya petroli ilikuwa imepasuka ngozi yake ya ndani. Kubadilisha ngozi ni kazi ya nusu saa, lakini lazima pampu itoke, na nati yake ya ndani imekaa kati ya pampu na injini ambapo panapita vidole viwili vya mtu mwembamba. Chumvi ilikwishaitia kutu. Mafundi wawili walitangulia kupelekwa, wakaishambulia kwa tano kwa nane ya Kiamerika, wakaiacha mviringo kama shanga, wakarudi wakisema injini yote ishushwe. Turubai la lori lilikuwa bovu, mawingu yalikwishajaa juu ya Rukwa, na mvua moja tu ingetosha kuugeuza mzigo wote kuwa maji yanayochuruzika barabarani.

Fundi Sichalwe alifika, akatia mkono, akafumba macho. Ringi isingeshika, kwa kuwa ringi zetu zinategemea pembe na pembe hazikuwapo. Akachukua spana bomba niliyompa, mpya kabisa, bado iko kwenye karatasi yake ya kiwandani, yenye pande sita zinazobana nati kwenye ubavu, akaikata kwa msumeno wa chuma ikabaki urefu wa vidole viwili. Akamwagia nati mafuta ya taa na kwenda kula ugali. Osward anasema hajawahi kumchukia mtu kama alivyomchukia mzee huyu akimega tonge taratibu huku ngurumo zinasikika. Aliporudi, alipachika bomba lile fupi kwa kuligonga kidogo, akatia msumari kwenye tundu lake uwe mpini, na kwanza akaikaza nati kidogo sana, kama anayetaka kuifunga zaidi. Kutu ikalia. Ndipo akaanza kuilegeza, kipande kwa kipande, msumari ukihamishwa tundu hadi tundu. Alianza saa nne, akamaliza saa nane, na lori liliondoka na matone ya kwanza juu ya boneti. Chumvi ilifika Tunduma kavu. Osward, ambaye mama yake ni wa ng'ambo ya mpaka, alimshika mikono mbele yetu sote akamwambia kwa Kibemba, "Natotela, mukwai," na Fundi Sichalwe akacheka akamjibu kwa Kinamwanga kwamba amshukuru aliyepika ugali.

Mimi nililalamika juu ya spana bomba yangu iliyokatwa. Halafu nikafungua daftari la stoo kuijaza kazi ile, na hapa ndipo habari hii inapoharibika.

Daftari la stoo limepigwa chapa kwa Kiingereza. Lina safu ya tarehe, safu ya gari, na safu ya chombo kilichotolewa. Kisha lina safu mbili za watu. Ya kwanza ni ya fundi anayefanya kazi. Ya pili ni ya spana-boi, yaani msaidizi anayetumwa kuchukua vyombo, na huyo ndiye anayesaini. Mafundi wote walituma wasaidizi, kwa hiyo majina yao yalikaa safu ya kwanza bila matata. Fundi Sichalwe alikuja mwenyewe. Siku yangu ya kwanza nilimwuliza msimamizi wa karakana, Bwana Tredwell, mtu anayejichukulia spana mwenyewe nimwandike wapi. Akanijibu kwamba anayesimama dirishani ni spana-boi, na safu ya fundi isiachwe wazi, niandike jina lake yeye Tredwell. Nikaandika.

Nilikuwa mgeni, nina watoto wawili na mke mjamzito. Hiyo ni sababu ya wiki ya kwanza. Miaka iliyobaki haina sababu. Kila siku ya kazi, kwa miaka kumi na tisa, nilimwandika mtu aliyekuwa akiwafundisha mafundi wenzake kuwa ni boi wa spana, nikamgeuzia daftari asaini, naye akasaini. Aliniuliza tarehe tu kama ni sawa. Alidhani pameandikwa "mpokeaji." Yapata mara elfu tano na mia saba amesaini hivyo kwa mkono wake, na mkono ule ndio uliokuwa mwangalifu kuliko mikono yote ya karakana hii.

Mwaka 1949 kampuni ilitoa agizo kwamba anayeonekana katika safu ya mafundi kwa miaka mitano mfululizo atambuliwe rasmi kuwa fundi. Watano wetu walipata cheo kwa agizo hilo. Watatu kati yao walijifunzia kwa Sichalwe, na hakuna hata mmoja aliyeuliza jina la mwalimu wake liko wapi! Sote tulimwita fundi kwa mdomo, ikatutosha. Mimi nilijua. Nilitaka kurekebisha, nikaogopa kuulizwa kwa nini niliandika vibaya tangu mwanzo, nikanyamaza. Nawakasirikia ninyi watano, lakini hasira kubwa naiweka pale inapostahili, na mnaona ni kwa nani.

Aprili mwaka huu shule moja ya ufundi ya misheni, huko Mbozi, ilitaka mwalimu wa kufundisha utengenezaji wa magari. Waliposikia sifa za Fundi Sichalwe walimwita. Walimpenda. Waliomba kitu kimoja tu, cheti cha utumishi kutoka kampuni, kinachosema kwamba yeye ni fundi. Mzee alirudi na furaha ambayo sijawahi kuiona kwake. Mtu mwingine akistaafu anawaza ng'ombe na shamba. Yeye aliwaza darasa. Alikwishaanza kutengeneza kwa mbao mfano wa injini iliyofinywa makusudi, ili wanafunzi wazoee kupapasa kabla ya kuona.

Cheti kilikuja Mei kutoka makao makuu Mbeya, kwa Kiingereza. Waliokiandika walifuata daftari langu. Kilisema: Fanueli Sichalwe, spana-boi, tabia njema. Mzee alikileta dirishani kwangu, akasimama pale anaposimama siku zote, akaniomba nimsomee. Nikakisoma chote kwa macho. Kisha nikamwambia kimeandikwa "Fundi."

Naam, nilimwambia hivyo. Sijui nilitegemea nini. Labda nilidhani mkuu wa shule hatakisoma vizuri, labda nilitaka tu uso ule uondoke dirishani ukiwa bado na furaha. Siku iliyofuata alivaa koti, akapanda lori na mkewe Nesta mpaka Mbozi. Mkuu wa shule, kwa upole wote, aliwasomea kilichoandikwa. Akasema nafasi ataishikilia mpaka mwisho wa Julai, lakini cheti cha namna ile hawezi kukipeleka kwa wakubwa wake. Nesta ameniambia kwamba njia nzima ya kurudi mumewe alikishika kile cheti mkononi, hakukirudisha mfukoni.

Jumatatu asubuhi alikiweka juu ya dirisha langu. Hakupiga kelele. Alisema, "Bwana Stoo, wewe Kiingereza unakijua." Halafu akaenda kwenye gari lake, akaingiza mkono kwenye injini.

Nilikaa siku tatu na madaftari kumi na tisa. Nilikuwa natafuta njia, na nikaipata mahali pa kuchekesha. Bwana Tredwell amekwenda likizo Ulaya mara nne, kila mara miezi mitano na zaidi, na katika miezi yote hiyo daftari langu linamwonyesha akitengeneza malori Tunduma. Novemba 1947, siku ile ya Ivuna, imeandikwa kwamba nati ya pampu ya petroli ilifunguliwa na Bwana Tredwell, akisaidiwa na spana-boi F. Sichalwe. Siku hiyo Bwana Tredwell alikuwa melini.

Nikamfuata ofisini, maana sasa yeye ndiye meneja. Alisema daftari ni shahidi wa kampuni na halibadilishwi. Nikasema basi kampuni ina shahidi kwamba yeye alilala chini ya lori Ivuna huku anakula chakula cha mchana baharini, na ningependa shahidi huyo asomwe Mbeya, na niwatajie huko aliyeniamuru kuandika. Alikunja daftari. Amri ile alidai haikumbuki. Kisha akanieleza masharti: cheti kitaandikwa upya ikiwa mwenye kuandika daftari atakiri kwa saini yake kwamba alijaza uongo kwa miaka kumi na tisa kwa hiari yake, na mwenye kukiri jambo kama hilo hawezi kuendelea kushika stoo ya kampuni. "Kwa hiari yake" ni maneno yake yeye. Nilisaini hivyo hivyo, kwa sababu muda ulikuwa unakwisha na kalamu kweli ilikuwa yangu.

Kwa hiyo mimi, Lwitiko Kibona, natoka stoo tarehe 31 Julai. Naomba mtu asinichangie wala asinionee huruma, na asiyeweza kujizuia akazioshe spana alizochukua.

Jumatano jioni nilimpelekea Fundi Sichalwe cheti kipya nyumbani kwake. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kukisoma, neno kwa neno, nisije nikakosea. Nikakaribishwa ndani, nikakifungua, nikakohoa kidogo. Fundi alinyoosha mkono akakichukua. Akakitazama, halafu akamwita mkwewe Ruti, mwalimu wa shule ya wasichana, aje amsomee yeye.

Ruti alisoma: Fanueli Sichalwe, fundi wa mitambo, miaka ishirini na mitatu. Mzee akamwambia arudie. Akarudia. Nesta aliondoka akaenda jikoni, nikamsikia huko anaimba kwa sauti ya chini. Fundi alimwuliza Ruti mara ya tatu neno lile liko mstari wa ngapi, akawekewa kidole juu yake, akakiacha chake hapo. Baadaye nililetewa chai nami nikainywa. Tulizungumza habari za mahindi.

Fundi Fanueli Sichalwe, wafanyakazi wote wa Tunduma wanakushukuru kwa mikono uliyoiweka mahali ambapo hawakuthubutu kuiweka yao, na kwa kila nati uliyoirudisha mahali pake. Kwako na kwa Mama Nesta tunawaombea siha, mvua za wakati wake, na huko Mbozi wanafunzi watakaokubali kufumba macho kwanza. Uishi miaka mingi ukiitwa jina lako.

Kati yako nami limebaki jambo moja. Madaftari yote kumi na tisa nimeyapitia upya, na kila siku uliyofanya kazi nimefuta Tredwell, nimeandika Fundi F. Sichalwe, na kutia saini yangu pembeni. Ufunguo wa stoo ninao mpaka mwisho wa Julai. Usiliamini neno langu. Njoo na Ruti, ayasome yote.